Miche ya Chumba cha Ndani

Adolphine alirudi kutoka sokoni na taa ya tatu, ameificha kikapuni chini ya majani ya mihogo kama mtu aliyeiba. Mbili za kwanza mumewe alikwisha kuzikataa. Hakuogopa hasira yake, maana Beya hakuwa tena na pumzi ya hasira. Aliogopa asije akachoka. Siku hizi Beya akichoka na jambo alijigeuza akaelekea ukutani, na huo ukawa mwisho wa maneno mpaka kesho yake.

Walikaa Kolwezi, katika mtaa uliobanwa na ukuta wa mgodi. Waliponunua kiwanja kile, miaka ishirini nyuma, kulikuwa na mashamba ya mihogo na kijito chembamba. Beya alikuwa fundi wa umeme wa viwandani, na nyuma ya nyumba alilima nyanya, pilipili na kabichi kwa unadhifu ule ule aliofungia nyaya: mistari imenyooka, kila mche na fito yake. Majirani walimtania kwamba nyanya zake zimevaa sare. Kisha shimo la mgodi likapanuka. Mashamba yakamezwa, kijito kikazibwa, ukuta ukajengwa hatua arobaini kutoka jikoni, na malori makubwa yakaanza kupita. Vumbi lilikaa juu ya majani kama unga. Adolphine aliyafuta kwa kitambaa chenye maji, moja moja, kila asubuhi. Ikifika saa sita yamekuwa ya kijivu tena, na maua yakaanguka kabla ya kuzaa. Msimu wa tatu Beya aling'oa fito zote, akazifunga mafungu, akampa mkewe awashie moto.

Mapafu yake nayo yakafuata. Daktari alisema ni vumbi. Beya alisema ni miaka. Wakaziba madirisha kwa vitambaa vilivyoloweshwa ili apate kupumua, na nyumba ikawa na giza mchana kutwa. Alilala humo miezi minne, mtu ambaye zamani hakuweza kukaa mpaka chai ipoe.

Ni binti yao wa pekee, Valérie, nesi huko Lubumbashi, aliyetuma picha kwenye simu: chumba kisicho na dirisha, rafu, na saladi zimestawi chini ya taa. "Onyesha Papa," aliandika. "Batu banalima ndani ya nyumba." Adolphine alimwonyesha ili apate tu kitu cha kutazama. Beya aliishika simu muda mrefu, karibu kabisa na uso.

"Hizi taa," alisema, "banaziuza hapa?"

Ndivyo ilivyoanza.

Muuza vifaa vya umeme sokoni, Stany, alikuwa na ulimi wa asali. Taa ya kwanza aliyompa Adolphine ilikuwa ya mviringo, yenye vijitaa vyekundu na vya buluu, na ilipowashwa chumba kizima kilijaa rangi ya zambarau. Kwenye sanduku paliandikwa wati mia moja. Beya aliagiza koleo lake la kupimia umeme, lililokuwa limelala ndani ya sanduku la vyombo tangu alipostaafu. Akaubana waya, akasoma, akakohoa, akasoma tena.

"Kumi na ine," alisema. "Mama Valérie, sanduku inasema uongo. Waya hausemi uongo."

"Lakini Stany alisema hii rangi njo yenye miche inapenda."

"Hapo hakudanganya. Muche unakula hiyo nyekundu na hiyo buluu. Lakini angalia mukono yako." Adolphine akatazama, mkono wake ulionekana kama wa maiti. "Chini ya hii taa, jani ya kijani na jani ya manjano yote iko nyeusi. Muche ukigonjwa, mi nitajua namna gani? Fundi hawezi kutengeneza kitu yenye haone."

Taa ile ikarudishwa, na ikawa heri, kwa sababu mwanga wa zambarau ulipenya kwenye nyufa za mlango na jirani mmoja alikwisha kuuliza kama wamefungua baa.

Ya pili ilikuwa mrija mrefu mweupe. Hiyo walikaa nayo wiki mbili, wakapanda mbegu za nyanya katika makopo ya maziwa. Zilichipua zote. Lakini vikonyo vyake vilirefuka kama nyuzi, vyembamba, vyeupe, vikijikunja kuutafuta mwanga, mpaka vikashindwa kujibeba na kulala. Beya alijigeuza akaelekea ukutani, na Adolphine aliyeona mgongo ule akachukua kikapu, akaenda sokoni kwa mara ya tatu.

Safari hii hakumsikiliza Stany. Alimwambia awashe taa zote za miche dukani, akapitisha kiganja chini ya kila moja kama mumewe alivyomwonyesha, akaangalia kama mkono unabaki na rangi yake. Akachagua ubao mpana, bapa, wenye mgongo wa bati la kutoa joto na vijitaa vyeupe vingi, vyekundu vichache katikati yake.

Beya aliugeuzageuza juu ya magoti. Akapapasa bati lile, akafungua kifuniko, akanusa nyaya. Mwisho akaubana waya kwa koleo.

"Sanduku inasema mia," alisema. "Mi naona makumi munane na tano." Adolphine akangoja mgongo ugeuke. Lakini Beya alikuwa anacheka, kicheko kidogo kilichoishia katika kikohozi. "Huyu anadanganya kwa kiasi. Tumuchukue."

Wakaitundika taa ile katika chumba cha ndani. Beya alionyesha kwa shibiri urefu wa kuishusha. Kila siku aliweka kiganja mahali ilipo miche, akangoja, akahukumu: ipande kidogo, ishuke kidogo. Jani likijikunja na kupauka, taa iko karibu mno. Kikonyo kikirefuka, iko mbali. Umeme ulipokatika alikaa kitandani akisikiliza, na uliporudi alikuwa wa kwanza kuamka. Alipanda nyanya na pilipili katika droo za kabati kuukuu, miche mia mbili na zaidi. Sasa alitembea kutoka kitanda hadi rafu bila kushikwa. Na Adolphine, akiwa jikoni, alimsikia akisema nayo kwa Kiluba cha Kasai, lugha ambayo hapa Kolwezi hakuitoa kinywani mbele ya watu tangu mwaka wa tisini na tatu.

Miche ilikuwa na majani manne wakati watu wa tume ya uhamisho walipofika na ndoo ya rangi nyekundu.

Haikuwa ghafla kwa kweli. Baruti za mgodi zilikuwa zimepasua kuta mtaani kote, na mwezi mmoja kabla yake nyumba ya tatu kutoka kwao ilikuwa imedidimia upande mmoja mpaka paa likagusa ardhi. Watu walijua mgodi unakuja. Lakini mtu anaweza kujua mauti na bado akapanda mbegu. Wale wa tume waliandika namba ukutani, wakasema watu wote watahamishiwa viwanja vipya, upande wa njia ya Mutshatsha. Karani mmoja, kijana mpole mwenye kalamu sikioni, aliingia kuorodhesha mali: vyumba vitatu, bati, choo, mparachichi mmoja. Adolphine akamfungulia chumba cha ndani. Mwanga ukamwagika ukumbini.

"Hii ni nini, mama?"

"Bustani yetu."

Kijana alitazama droo zile zenye miche iliyosimama wima, kijani kibichi, kama watoto wa shule waliopangwa. Uso wake ulionyesha kwamba ameipenda. "Lakini mama, bustani inaandikwa kama iko inje. Hapa ni chumba." Akaandika: chumba kimoja.

Walipewa wiki tatu, kisha zikawa siku kumi.

Beya hakulalamika. Alilouliza ni hili tu: "Kule kuna courant?" Kijana akasema nguzo zimesimama, nyaya zinakuja. Beya alitikisa kichwa, fundi anayejua nguzo bila waya ni mti tu. Walipobaki peke yao alimwambia mkewe, "Muche wa taa haujui jua, Mama Valérie. Haujui hata upepo. Inafaa kuufundisha polepole: leo kidogo asubuhi, kesho kidogo zaidi. Wiki mbili. Ukiutoa mara moja, jua inaukaanga."

"Basi tuanze leo."

"Wapi? Kwa hii vumbi?"

Jumapili yake akaja Nkulu, kaka yake Adolphine. Alikuwa mzee sasa, mwenye nyumba ya matofali katikati ya mji, na huku mtaani hakuwa akifika isipokuwa msibani. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Dada, nimesikia. Kwangu kuna vyumba viwili vitupu. Kuna maji, kuna courant. Kuya na shemeji. Na hizo taa zenu mulete."

Kutoka kitandani Beya alisema, kwa sauti ya adabu kabisa, "Aksanti, shemeji. Mi siwezi kuingia kwako."

Nkulu aliangalia kofia yake, akaaga, akaenda. Wote watatu walijua ni kwa nini.

Mwaka wa tisini na tatu, kampuni ya migodi ilipokuwa inaanguka na mishahara imekauka, watu wa asili ya Kasai walianza kufukuzwa Kolwezi. Baba zao ndio walioletwa na reli kuchimba shaba, na wengi wao, kama Beya, walizaliwa papa hapa. Haikujalisha kitu. Bilulu, wadudu, ndivyo walivyoitwa barabarani na watu waliokuwa wakiazima chumvi kwao juzi. Adolphine hakuwa Mkasai. Kwao ni kaskazini ya Katanga. Alikuwa amejifungua Valérie siku nne kabla, na damu ilikuwa haijakatika, wakati vijana wenye fimbo walipovunja mlango wao. Beya alimbeba mtoto, akamshika mkewe, wakaenda kwa Nkulu. Aliomba siku mbili tu, mama wa mtoto apate nguvu. Nkulu alisimama katikati ya mlango. "Dada yangu aingie na mutoto," alisema. "Wewe, hapana. Batachoma nyumba."

Na Adolphine aliingia.

Beya alilala stesheni wiki sita chini ya turubai, pamoja na maelfu, akingoja treni ya kwenda Kasai, nchi asiyoijua hata kwa ndoto. Nkulu hakumruhusu dada yake kutoka. Ilipita miaka minane ndipo Beya aliporudi, amekonda, na kumkuta binti anayemwamkia kama mgeni. Akatafuta kazi, akanunua kiwanja, akapanda nyanya. Hakuuliza neno. Miaka ishirini na moja walikula sahani moja bila yeye kuuliza, na kutouliza kule kulimwelemea Adolphine kuliko swali lolote.

Siku mbili kabla ya lori kuja, Adolphine alikuwa akimshikia mumewe droo huku yeye akinyunyizia miche maji kwa kopo lililotobolewa. Nyumba ilikuwa tupu, na sauti zilirudi kutoka ukutani.

"Tata Valérie," alisema, "siku ile, mi niliingia."

Beya akaendelea kunyunyizia.

"Niliingia, nikakuacha kwa njia. Sikusema hata neno kwa Nkulu. Nilikaa kwa mukeka na mutoto, nikashukuru sababu kulikuwa na paa. Niko nakuambia sababu hujaniuliza."

"Ulikuwa na mutoto wa siku ine. Ungeenda wapi?"

"Na wewe."

Akaliweka kopo chini. Alipumua mara nyingi kabla ya kupata pumzi ya kusemea. "Mi sikukasirika juu uliingia. Mi mwenyewe njo nilikusukuma na mukono, umesahau? Kitu kimoja tu. Nilisimama ng'ambo ya njia. Nilikuwa nafikiri mulango utafunguka kidogo, nikuone, nijue hata wewe unaona uchungu. Haukufunguka."

"Sikujua uko pale!"

"Basi," alisema Beya. "Leo najua hukujua." Akachukua tena kopo. Adolphine alilia huku ameshikilia droo, asiweze kujifuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi, na mumewe akamfuta kwa mgongo wa kiganja chenye udongo.

Walihama Alhamisi. Taa ilifungwa katika blanketi. Droo za miche Adolphine alizipanga kwenye sakafu ya lori, akakaa katikati yake, akizuia upepo kwa kanga. Kiwanja kipya kilikuwa ardhi nyekundu iliyokwanguliwa na tingatinga, bila mti hata mmoja. Nguzo zilikuwepo, hakuna waya. Nyumba waliyoahidiwa ilikuwa na kuta hadi kiunoni. Walifunga turubai kwa vijiti, wakaweka kitanda upande mmoja na miche upande wa pili.

Hewa, lakini, ilikuwa safi. Beya aliivuta kwa tahadhari, kama mtu anayeonja mboga ya jirani. Siku ya kwanza alimwagiza mkewe aitoe miche juani alfajiri, airudishe kivulini kabla jua halijakaza. Siku ya pili ikazidishwa kidogo. Majani yalilegea, yakasimama tena. "Inajifunza," alisema.

Siku ya tatu zamu ya maji ilichelewa. Kisima kilikuwa kimoja kwa watu wote waliohamishwa, na Adolphine alisimama kwenye foleni tangu asubuhi hadi jua lilipofika utosini. Upepo ulivuma ghafla ukipeperusha mavumbi mekundu. Akina mama walifunika ndoo zao wakacheka. Ndipo alipokumbuka turubai. Aliiacha ndoo akakimbia.

Turubai lilikuwa limeng'oka upande wa miche, linapigapiga hewani. Droo zote zilikuwa juani. Majani yalikwisha kugeuka meupe na makavu kama karatasi. Na Beya hakuwa kitandani. Alikuwa ametambaa mpaka kwenye droo ya mwisho, akapiga magoti juu yake, mikono huku na huku, mgongo umeinama, kifua wazi kwa sababu shati lake alikuwa ameifunikia droo iliyo kando. Alikuwa amefanya kivuli kwa mwili wake. Hakujua amekaa vile muda gani. Ngozi ya mgongo ilikuwa ya moto kama jiwe la jikoni.

"Usinitoe hapa," alisema alipoguswa. "Lete kwanza kitu ya kufunika."

Alileta blanketi lile la taa, akafunika, kisha akamvuta mumewe. Alikuwa mwepesi mno.

Homa ilimshika jioni ile na haikumwacha. Valérie alikuja na dawa, akasikiliza kifua cha baba yake, akaenda kusimama nyuma ya turubai peke yake. Beya alikaa siku tisa. Siku ya sita aliuliza ni miche mingapi imepona. Adolphine akamwambia kumi na saba, tayari iko ardhini. Aliuliza kama vikonyo ni vinene. Akasema ndiyo. Hiyo ilikuwa kweli, hakulazimika kumdanganya. Siku ya kumi hakuamka.

Walimzika kando ya kiwanja, kwa kuwa makaburi mapya yalikuwa hayajapimwa. Nkulu alikuja na gari. Alirusha udongo, akasimama mbali na wengine, na watu walipoanza kutawanyika akamkaribia dada yake.

"Sasa twende nyumbani, Adolphine."

"Nkulu, nikuulize kitu. Siku ile, Beya alisimama ng'ambo ya njia mpaka saa ngapi?"

Mzee yule hakujifanya kwamba haelewi. "Mpaka giza," alisema. "Nilikuwa namuona kwa dirisha."

"Na hukuniambia."

"Ungetoka."

"Ndiyo," alisema Adolphine. "Ningetoka."

Hakupiga kelele, wala hakumlaani. Aliingia chini ya turubai akashusha pazia, na Nkulu akangoja kidogo, kisha gari likaondoka.

Valérie alitaka kumpeleka Lubumbashi. Alikataa mpaka kaburi litiwe saruji, na lilipotiwa saruji akakataa mpaka nyanya zivunwe. Zilizaa ndogo, za ganda gumu, chache. Baadhi aliziuza njiani, nyingine alimpelekea binti yake. Taa aliiuza kwa Stany, ambaye hakubishana bei wala hakusifia kitu. Nyaya zililetwa mwezi wa nne baada ya kuhama, zikawashwa upande wa barabara tu.

Kila mwisho wa mwezi Nkulu alituma mfuko wa unga wa bukari kwa dereva wa basi. Wa kwanza Adolphine aliwapa majirani, na wa pili pia, na wa tatu. Mwezi ule wa nne mvua ilikatika mapema, mahindi ya wahamiaji wote yakafia shambani, na mama mmoja wa jirani alikuwa na watoto watano wasiokuwa na kitu. Mfuko ulipokuja, aliugawa nusu kwa nusu. Nusu aliyobaki nayo aliitazama siku nzima. Jioni akainjika maji, akasonga bukari ya kaka yake, akaketi chini akala peke yake, tonge moja baada ya jingine, mpaka sahani ikaisha.